Redio kaseti inayokula kanda: kagua gia kabla hujaweka kanda ya thamani



Mara ya mwisho tulimaliza habari ya viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, na nikaahidi kwamba tutaendelea na mpunga. Mpunga utakuja. Leo naomba uniruhusu nieleze jambo jingine, kwa sababu ndani ya mwezi mmoja watu wanne wameniletea redio kaseti nyumbani, na wote wanne walikuwa wameharibu kanda kwa kosa lile lile ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulifanya.

Wanaonifahamu hapa Pasua wanajua kwamba jioni, nikishatoka mashambani, huwa natengeneza redio. Sikuisomea kazi hii. Diploma yangu ni ya kilimo. Nilijifunza utotoni kwa kukaa kwenye benchi la fundi redio jirani na nyumbani, nikimshikia bisibisi na kumwokotea skrubu zilizoanguka. Siku hizi vijana hawana haja na redio kaseti, wana simu. Wanaokuja kwangu ni watu wazima, na ukiwauliza vizuri utagundua kwamba shida yao si redio. Wanachotaka ni kile kilichomo ndani ya kanda.

Kosa langu

Mwaka 2019 mama mmoja wa kikundi chetu cha wakulima wa mpunga alinifuata baada ya kikao. Alikuwa amebeba redio kaseti imefungwa kwenye kanga.

"Bwana shamba," akaniambia, "nasikia hizi nazo unazitibu."

"Shikamoo mama. Inasumbua nini?"

"Marahaba. Haizunguki. Na kanda yake iko humo humo."

Kanda ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino: SENDOFU 1994. Ilikuwa sendofu yake mwenyewe, iliyofanyika kwao Uru kabla ya kuolewa na kushuka huku Pasua. Ndani yake baba yake mzazi anampa nasaha mbele ya ukoo, kwa Kichagga. Mzee alifariki mwaka 2001. Mtoto wa mwisho wa huyu mama alizaliwa baada ya hapo, na mwaka ule alikuwa anapata kipaimara. Mama alitaka siku ile, wageni wakishakula, kijana asikie sauti ya babu yake.

Nilifungua redio nikakuta mkanda wa mota umelegea kabisa, umekuwa laini kama ubani uliotafunwa. Nikausafisha, nikaweka mkanda mpya. Nikabonyeza kitufe cha kupiga, mota ikazunguka, nami nikajiona fundi. Nikairudisha kanda ya mama ndani, nikabonyeza tena.

Mzee akakohoa. Akagonga kipaza sauti. Akamwita binti yake kwa jina. Kisha sauti ikazama kama mtu anayezungumza ndani ya kisima, ikanyamaza. Mota ilikuwa bado inazunguka.

Nilipofungua kifuniko nilikuta kanda imejizungusha kwenye rola ya mpira, fundo zima la rangi ya kahawia. Hapo nikafanya kosa la pili: badala ya kuzima na kutulia, nilivuta. Kanda ikavutika ikawa nyembamba kama uzi, ikakatika.

Nilipoteza sentimita kama 20 hivi. Kanda ya kaseti hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 20 ni sekunde nne na kidogo. Ni muda wa sentensi moja. Ndiyo sentensi iliyofuata baada ya jina lake.

Nilikaa na ile redio siku tatu bila kumpigia simu. Nakwambia ukweli ndugu msomaji, nilikuwa nimeshapanga maneno: nitamwambia kanda ilikuwa ya zamani, ilikuwa imeoza yenyewe. Angeniamini. Wakulima wananiamini ninapowaambia mbegu ilikuwa mbovu. Lakini kanda haikuwa imeoza. Nilipofungua redio mara ya pili, taratibu, nikaona kilichotokea: gia ndogo ya plastiki upande wa kulia ilikuwa imepasuka. Ilikuwa imepasuka kabla hata redio haijafika kwangu. Sikuiangalia.

Nilikwenda kwake nikamweleza. Alikaa kimya, akaniuliza ni sehemu gani iliyopotea. Nikamwambia ni pale baada ya jina lake. Akasema, "Basi hapo nitamwambia mimi." Akaniongezea chai.

Tangu siku ile nina utaratibu wangu, na ndio ninaotaka kukupa leo.

Kwa nini redio inakula kanda

Watu wengi husema "kanda hii mbovu, inaliwa." Mara nyingi kanda haina kosa. Elewa kwanza jinsi mashine inavyofanya kazi.

Kaseti tunayoijua ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, chini ya mhandisi Lou Ottens. Ndani ya mashine kuna vitu viwili vinavyosogeza kanda. Cha kwanza ni shafti nyembamba ya chuma pamoja na rola ya mpira inayoibana kanda kwenye shafti hiyo. Hivi viwili ndivyo vinavyoivuta kanda mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo ule wa sentimita 4.76. Cha pili ni kizungushio cha kulia, yaani kile kijiti chenye mabawa kinachoingia kwenye tundu la kaseti. Kazi yake ni kukusanya kanda ambayo shafti na rola zimeshaipitisha.

Sasa fikiria watu wawili wanaopakua magunia kwenye lori. Mmoja yuko juu anashusha, mwingine yuko chini anapokea na kupanga. Wa chini akisimama na wa juu akaendelea, magunia yatarundikana. Ndivyo ilivyo kwa kanda. Kizungushio cha kulia kikisimama wakati shafti inaendelea kusukuma, kanda haina pa kwenda. Inalegea, inagusa rola, rola inaikamata, na kufumba na kufumbua kuna mita nzima imejiviringisha humo.

Shafti na kizungushio hupata nguvu kwa njia tofauti. Mota huzungusha mkanda wa mpira, mkanda huzungusha gurudumu zito tunaloliita flaiwili, na shafti imechomekwa katikati ya flaiwili hiyo. Kwa hiyo mkanda ukiwa mzima, shafti itazunguka. Lakini kizungushio, kwenye mashine nyingi za bei nafuu, hupata nguvu kutoka kwenye flaiwili kupitia gia ndogo za plastiki. Ukibadilisha mkanda peke yake unakuwa umempa nguvu yule wa kushusha magunia, na hujamtazama yule wa kupokea. Ndicho nilichokifanya kwenye kanda ya mama.

Kwa nini gia zinapasuka

Wazee mnakumbuka redio za National. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza betri na redio za jina hilo. Nyingi za zamani zilikuwa na vyuma vingi ndani. Zilizokuja baadaye, hasa zile za bei nafuu za miaka ya 1990 na 2000, zina mtambo mwepesi wa plastiki. Mwingi wa mitambo hiyo ni nakala ya muundo wa kampuni nyingine ya Kijapani inayoitwa Tanashin, zilizotengenezwa China na kuwekwa ndani ya redio za majina ya kila aina. Hili lina faida yake: redio mbili zenye majina tofauti na maumbo tofauti zinaweza kuwa na mtambo ule ule ndani. Nitalirudia hapo chini.

Gia ya plastiki huharibika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kupasuka katikati. Gia ilichomekwa kwa nguvu kwenye shafti ya chuma kiwandani. Miaka inavyopita plastiki husinyaa kidogo, chuma hakisinyai. Plastiki inabaki imebanwa mchana na usiku, hata redio ikiwa imezimwa kabatini, mpaka siku moja inapasuka kutoka kwenye tundu hadi kati ya meno mawili. Jina la kata yetu limeingia ndani ya redio. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele, lakini hapo penye ufa nafasi kati ya meno inapanuka. Jino la gia nyingine likifika hapo linaruka au linakwama.

Ya pili ni kuliwa kwa meno, hasa pale ambapo grisi ya kiwandani imekauka ikawa kama nta, au vumbi na moshi wa kuni vimeingia. Redio nyingi za huku kwetu zilikaa jikoni au karibu na jiko.

Ya tatu ni joto na jua. Redio iliyokaa dirishani miaka 20 plastiki yake inakuwa kavu, ukiigusa inamomonyoka.

Dalili

Sikiliza na kutazama kabla ya kufungua:

Redio inapiga sekunde chache kisha kanda inarundikana: tazama gia ya kizungushio cha kulia au klachi yake.

Unasikia "tik, tik, tik" kwa mpangilio, au sauti inayumba kwa kipimo kile kile: kuna gia yenye ufa, na kila ikifika penye ufa inaruka.

Kupiga kunakubali lakini kupeleka mbele au kurudisha nyuma hakukubali: gia inayotumika kwa kazi hiyo ndiyo yenye shida. Hizi hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja.

Mota inanguruma lakini hakuna kinachozunguka: mkanda umelegea, umekatika au umeyeyuka.

Kitufe kinajiruka chenyewe mara tu unapobonyeza: mashine nyingi zina kifaa cha kujizima kanda ikisimama. Kizungushio kisipozunguka, kifaa hicho kinadhani kanda imefika mwisho. Usikifunge kwa uzi au kijiti ili "isiruke". Kinakuokolea kanda.

Jaribio la kwanza: bila kanda

Toa kanda. Chomoa waya wa umeme na utumie betri kavu, kwa sababu utakuwa unashika vitu ndani ya redio iliyo wazi. Fungua mlango wa kaseti, bonyeza kitufe cha kupiga, halafu tazama kizungushio cha kulia. Kinatakiwa kizunguke bila kusita. Weka alama ndogo juu yake kwa kalamu ili uone vizuri kama kinasita mahali pale pale kila mzunguko.

Sasa kishike taratibu kwa ncha ya kidole mpaka kisimame. Unatakiwa usikie ukinzani laini, kama kushika mkono wa mtoto anayetaka kwenda. Ile ni klachi inateleza, na ndivyo ilivyoundwa. Ukikiachia kiendelee mara moja. Kikisimama kwa kuguswa tu, klachi imechoka au gia inateleza. Kikigonga "tak" ndani unapokishika, kuna jino limeruka.

Jaribio hili halichukui hata dakika mbili. Ningelifanya mwaka 2019, yule kijana angesikia nasaha zote.

Kutengeneza gia

Kabla ya kutoa kitu chochote, piga picha kwa simu. Piga tena kila unapotoa kipande. Weka skrubu kwenye trei ya mayai, kila hatua na shimo lake. Chunga vile vipete vidogo vya plastiki vinavyoshikilia gia juu ya shafti. Vinaruka, na vikiangukia sakafuni hutaviona tena. Mimi hufungua juu ya shuka nyeupe.

Gia yenye ufa usikimbilie kuiziba kwa supaglu. Plastiki nyingi za gia ni za aina inayoteleza, ndiyo sababu zilichaguliwa, na gundi hiyo haishiki humo. Itashika siku mbili, halafu itaachia ukiwa umeshaweka kanda ya harusi. Na ikivuja ikaingia kwenye meno au kwenye shafti, umeua mashine nzima.

Fanya hivi. Toa gia kwenye shafti. Mara nyingi ikishatoka, ufa unajifunga wenyewe, maana kilichokuwa kinaupanua ni shafti. Isafishe kwa spiriti na pamba. Halafu panua tundu lake kidogo sana kwa msasa laini uliouviringisha kwenye sindano, ukijaribu kwenye shafti kila baada ya mizunguko miwili mitatu. Unataka iingie kwa kusukuma kwa kidole bila kubanwa. Usipotoa kile kilichosababisha ufa, hata ukiifunga kwa nini itapasuka tena.

Kama gia ina shingo, yaani kile kijibomba kifupi katikati, ifunge kwa waya mwembamba wa shaba mizunguko mitatu minne, kaza kwa koleo, kisha paka juu ya waya gundi ya kuchanganya ya mirija miwili. Hapa gundi haifanyi kazi ya kushika plastiki, inashika waya usifunguke; nguvu iko kwenye waya. Acha usiku mzima. Kisha irudishe kwenye shafti na, kama ni gia inayotakiwa izunguke pamoja na shafti, weka tone dogo la gundi hiyo hiyo kwenye kiungo. Hakikisha ufa umefunga na umbali kati ya meno ni sawa pande zote. Zungusha kwa mkono mara kumi kabla ya kuwasha mota.

Gia iliyoliwa upande mmoja wa meno, angalia kama umbo lake liko sawa juu na chini. Ikiwa liko sawa, igeuze. Upande ambao haukuwa unafanya kazi sasa utafanya. Nimewahi kurudisha redio mbili kwa kugeuza gia tu.

Gia yenye jino lililokatika, tafuta nyingine. Hapa ndipo ile habari ya mitambo inayofanana inapokusaidia. Pita Memorial au Kiboroloni, ulizia redio mbovu zinazouzwa kama vipuri, fungua mlango wa kaseti na ulinganishe mtambo. Usilinganishe jina la nje. Nenda na gia yako mfukoni. Hesabu meno, kisha pima upana wake kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Chukua upana huo kwa milimita, gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mbili. Mfano: meno 30, upana milimita 16, 16 gawanya kwa 32 unapata 0.5. Gia unayonunua lazima itoe namba hiyo hiyo, iwe na idadi ile ile ya meno, na tundu la upana ule ule. Namba ikitofautiana, meno hayatakaa, hata kama kwa macho zinafanana.

Watu wananiuliza kuhusu printa zinazochapa vitu vya plastiki. Zinaweza, lakini fikiria ukubwa: gia ya namba 0.5 jino lake lina unene wa milimita 0.8 hivi. Printa nyingi za kawaida hutoa plastiki kwa uzi wa milimita 0.4. Maana yake jino zima ni nyuzi mbili. Kwa gia kubwa ni sawa. Kwa hizi ndogo, tafuta kwanza kwenye redio mbovu.

Vilainishi: tafadhali sikiliza

Hapa ndipo redio nyingi zinapofia mikononi mwa wenyewe. Usitie mafuta ya kupikia. Yanakauka yanakuwa gundi. Usitie mafuta ya taa wala petroli, na thina ndiyo kabisa, inayeyusha baadhi ya plastiki. Usitie oili ya injini ya pawatila. Mafuta ya nazi nayo usitie, ingawa najua yapo kila nyumba: yakifika chini ya nyuzi joto 24 huanza kuganda, na asubuhi ya Julai hapa Moshi baridi inashuka zaidi ya hapo. Kuna mzee aliniletea redio akisema inaimba mchana na inagoma asubuhi. Nilipofungua, mtambo wote ulikuwa mweupe kwa mafuta yaliyoganda.

Tumia grisi nyeupe au ya silikoni, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa gia zote kwa pamoja. Kwenye shafti ya flaiwili tone moja la mafuta ya cherehani upande wa chini, na ufute kinachozidi. Mkanda na rola ya mpira visiguswe na mafuta kabisa. Vikiguswa, futa kwa spiriti.

Kuhusu mkanda: rababendi ya kufungia fedha haifai. Inavutika, na mzee wako atasikika anaongea kama mlevi. Nunua mkanda wa kaseti wenye urefu unaofaa.

Jaribio la pili: kanda isiyo na mwenyewe

Umemaliza. Gia imekaa, mkanda mpya, kichwa na rola umesafisha kwa spiriti. Hapo ndipo mkono unawasha kuweka ile kanda yenyewe, na mwenye redio amesimama nyuma yako anasubiri. Usiweke.

Weka kanda ambayo hakuna mtu atakayeililia. Mimi ninazo tatu. Piga upande mmoja wote mpaka mwisho. Kanda ya dakika 60 inatakiwa imalize upande mmoja kwa dakika 30 na ushee. Ikichukua 34, mashine iko polepole. Mota nyingi za aina hii zina tundu dogo nyuma lenye skrubu ya kurekebisha mwendo. Zungusha kidogo sana, sikiliza tena. Ikimaliza salama, geuza upande wa pili. Kisha peleka mbele, rudisha nyuma, simamisha katikati, piga tena. Gia iliyofungwa waya, iache mpaka kesho yake urudie tena ikiwa ya baridi.

Saa nzima ya kusikiliza kanda usiyoipenda inachosha. Vumilia.

Ukishaiweka kanda ya thamani

Izungushe kwanza kwa mkono kwa kalamu ya Bic uone kama inatembea, maana kanda iliyolala miaka mingi hugandana. Tazama kile kipande cha sponji chenye springi nyuma ya kanda. Kikiwa kimedondoka, hamishia kanda kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu.

Halafu, mara ya kwanza kuipiga iwe ni mara ya kuinakili. Usiseme utanakili kesho. Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta au kinasa sauti. Ukikosa waya, weka simu mbele ya spika, funga mlango, nyamazisha kuku, rekodi. Nakala yenye kelele ya barabarani ni bora kuliko fundo la rangi ya kahawia. Kisha itume kwa ndugu wawili watatu ili isikae kwenye simu moja.

Ikitokea redio imekula kanda licha ya yote, zima. Usibonyeze kutoa. Usivute. Chomoa umeme, zungusha flaiwili kinyume kwa kidole, taratibu, kanda ijifungue yenyewe kama ilivyoingia. Iliyokunjamana inyooshe kwa kuipitisha juu ya kidole kisafi. Iliyokatika iunge kwa utepe maalumu wa kuungia kanda, kwa upande wa nyuma. Selotepu ya ofisini gundi yake huvuja na kunata kwenye kichwa. Usikate kipande chochote mpaka umejaribu kukisikiliza, hata kama kimekunjamana. Sauti iliyokwaruzika bado ni sauti.

Na kama umeharibu kanda ya mtu, mwambie siku hiyo hiyo. Mweleze ni wapi na ni kiasi gani. Mama yule alikuwa na haki ya kujua ni sentensi ipi ajiandae nayo. Siku ya kipaimara nilikuwepo. Kanda ikapigwa, mzee akakohoa, akagonga kipaza sauti, akataja jina. Mama akainuka, akaisema ile sentensi kwa Kichagga, akimwangalia kijana, kisha akakaa na mzee akaendelea. Kichagga cha Uru sikijui vizuri, sikuielewa yote. Sikuuliza.

Redio yake inafanya kazi mpaka leo. Gia ina waya wa shaba shingoni. Kila mwaka namkagulia baada ya mavuno.

Wenye redio za kutazamwa, njoo Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, siku za palizi nitachelewa kidogo. Lete redio, lete kanda yako, na lete kanda nyingine usiyoihitaji. Hiyo ya tatu usiisahau.

Mara ijayo: mpunga, kama nilivyoahidi.